Samaki wangu walivuliwa na sabuni!

Msomaji wangu, umewahi kupigiwa simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi na mtu ambaye hela yake umeshaila? Kama bado, usiombe yakukute. Mimi yalinikuta Januari 2023. Na huyo aliyenipigia hakutukana, hakufoka wala hakutishia kunipeleka polisi. Alisema hivi tu: "Mwanangu, njoo uchukue samaki wako. Wanaelea kwenye sinki."

Nilibaki nimekaa kitandani, simu mkononi kama kaa la moto. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vyangu vilikuwa vinaelea kwa sababu havikuundwa!

Tuanze mwanzo ili tuelewane. Mimi ni mchoraji wa vigae, zile marumaru za ukutani ambazo mafundi wetu hapa Dar huziita tailizi. Ukitaka nyuma ya jiko lako kuwe na pweza, changu na jahazi linarudi pwani jioni, mimi ndiye wa kumtafuta. Leo kazi hiyo inanilisha na kunilipia kodi ya chumba na kibanda changu cha Tabata. Lakini nilianza kwa kuwauzia watu kitu kibovu, na ubaya zaidi ni kwamba nilikuwa sijui kama ni kibovu.

Mjini mipango

Kuchora nilijifunza kwa kukaa nyuma ya migongo ya watu. Nikitoka shule naenda Oysterbay, nasimama kwenye mabanda ya wachoraji wa Tingatinga, nawatazama mpaka wananichoka. Habari ya Edward Saidi Tingatinga karibu kila mtu wa mji huu anaijua. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zilezile za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake hawakuiacha kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Mimi nikachukua hapohapo. Nikajiambia, kama rangi hii inakaa kwenye baiskeli inayopigwa na jua na mvua, itashindwaje kukaa kwenye kigae kilicho ndani ya nyumba? Hesabu nimeifanya mwenyewe, nikaisahihisha mwenyewe, nikajipa mia kwa mia.

Cha kwanza nilikiokota kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa jirani. Kigae cheupe, kipande kilichobaki. Nikachora changu mmoja mnene, macho yamemtoka kama mtu aliyesikia bei ya nyama. Shoga yangu alipokiona akapiga kelele: "Wewe! Hii ni dili!" Nikachora vingine kumi. Watu wakanunua, wakatundika sebuleni. Hakuna aliyelalamika. Sasa atalalamika nini na kitu kimetundikwa msumarini, hakioni maji wala moshi?

Basi bwana, Oktoba 2022 ikaja kazi ya kweli. Mama mmoja wa Mbezi Beach, mstaarabu, nyumba yake inakaribia kwisha, akanitaka nimchoree ukuta mzima nyuma ya jiko na sinki. Mita tatu za mraba. Kigae cha sentimita 20 kwa 20, mita moja ya mraba inakula 25. Kwa hiyo 75. Nikamwambia kimoja 6,000. Akakubali bila kuomba punguzo, akanipa advansi 300,000 palepale.

Wacha wee! Nilitembea kama kibosile. Nikapiga hesabu: kigae kitupu 1,500, rangi 700, nauli na vikorokoro 300. Jumla 2,500. Faida 3,500 kwa kila kimoja, mara 75, ni 262,500! Nikalipa kodi niliyokuwa nadaiwa, nikanunua simu ya kioo kipana, nikawapeleka mashoga zangu kula kuku na chipsi. Desemba fundi akabandika vigae. Ukuta ukapendeza jamani, hata yule fundi aliupiga picha. Mama akanimalizia 150,000 yangu, akanishika mkono na kuniambia maneno ambayo baadaye yalininyima usingizi: "Mume wangu alitaka tuagize Dubai. Mimi nikamwambia hapana, watoto wetu wanaweza."

Pweza wa miguu mitatu

Nilipofika Mbezi asubuhi ile, dada wa kazi alikuwa amesimama pembeni anatetemeka, akidhani yeye ndiye mwenye kosa. Kumbe masikini alikuwa amefanya kazi yake tu. Mafuta ya kukaangia yamerukia ukutani, akachukua sabuni na waya wa sufuria, akasugua. Changu wakatoka mikia. Jahazi likazama. Pweza aliyekuwa na miguu minane akabaki na mitatu. Juu ya jiko, pale mvuke unapopiga kila siku, hata sabuni haikuhitajika. Rangi ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu.

Mume wa yule mama akapita na kikombe chake cha chai. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, akatabasamu, akaenda zake. Bora angenizaba kibao.

"Sasa mwanangu," mama akasema, "utanirudishia fedha au utanitengenezea upya? Chagua mwenyewe, mimi sikulazimishi."

Kwenye pochi nilikuwa na 42,000. Nikasema nitatengeneza. Nilitamka haraka, kabla miguu haijaamua kukimbia.

Nakwambia ukweli msomaji, ndani ya daladala nilifikiria kubadilisha laini ya simu. Mji huu mkubwa. Mbezi na Tabata nani atamtafuta nani? Wengi wamefanya hivyo na leo wanatembea vifua mbele. Kilichonizuia si uungwana, nisijisifu bure. Ni ule mkikimkiki wa maneno kichwani: watoto wetu wanaweza. Nikipotea mimi, yule mzee wa kikombe cha chai atakuwa ameshinda mjadala maisha yake yote, na kijana yeyote atakayegonga geti lile baada yangu atafukuzwa kwa sababu yangu.

Kupaka na kupika

Kuna mzee mmoja mfinyanzi kule upande wa Kunduchi, anatengeneza vikombe na vyungu vya maua. Nilikuwa nimemwona mara moja kwenye maonyesho. Nikamfuata. "Shikamoo mzee." "Marahaba binti." Nikamweleza yote, mpaka chipsi. Hakucheka. Akauliza: "Umewahi kufika makaburini?"

Nikajua sasa ananitabiria. Kumbe alikuwa na maana ya yale magofu ya Kunduchi, pale kwenye msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Tukaenda kwa miguu. Kwenye nguzo zile wazee wa pwani walipachika bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina. Nyingine zimeng'oka zimeacha mashimo, nyingine zimevunjika vimebaki vipande. Mzee akanionyesha kipande kimoja. Jua, mvua na chumvi ya bahari vimekipiga kwa mamia ya miaka, na rangi bado ipo. Samaki wangu hawakumaliza hata wiki sita!

"Tofauti yako na huyu," akasema, "ni herufi moja. Wewe ulipaka. Mwenzako alipika."

Hapo ndipo nilipoanza shule. Kigae kinachong'aa, juu yake kina ngozi ya kioo. Kioo hakinywi rangi. Rangi ya mafuta ukiipaka pale inakauka juu juu tu, kama utando wa uji uliopoa. Ikipata joto, mvuke na sabuni inanyanyuka, inaondoka na samaki wake. Hadibodi ni mbao, ina vinyweleo, inaishika. Kwa hiyo kosa halikuwa la rangi. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeihamisha bila kuiuliza.

Rangi ya kigae ni unga. Ni madini yaliyosagwa pamoja na kioo laini: kobalti inatoa buluu, shaba inatoa kijani, chuma kinatoa kahawia na rangi ya kutu. Unaukoroga kwa mafuta, unachora, halafu unaingiza kigae kwenye tanuri. Joto likifika kama nyuzi 800, ile ngozi ya kioo inalainika na kuimeza rangi. Vikipoa, vimekuwa kitu kimoja. Hapo sugua utakavyo, utachoka wewe.

Na unajua mafuta ya kukorogea ni yapi? Yako mengi, lakini wachoraji wa kauri wa Ulaya wanayapenda mafuta ya karafuu, kwa sababu hayaharakishi kukauka na mkono unapata nafasi ya kurekebisha. Karafuu! Yetu hiihii ya Pemba na Unguja, ambayo bibi alikuwa akinichovyea pamba nikiumwa jino. Siku nilipoanza kuyatumia, chumba changu chote kilinuka kama kinywa cha bibi.

Ndoo ya mama

Sasa elimu nimepata, hela je? Rangi za unga nilizipata kupitia dada mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anarudi kutoka Guangzhou. Tanuri la umeme alikuwa nalo mzee, lakini umeme haulipwi kwa shukrani. Ukijumlisha na vigae vipya, nilihitaji zaidi ya laki nne.

Mama yangu anacheza mchezo na wenzake. Wako kumi, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, mmoja anapokea laki tano. Zamu yake ilikuwa Februari, na alishaipangia kazi: bati. Paa la chumba chake lilikuwa na tundu, tena si tundu la kuzibwa na lami, bati zima limeoza. Alitaka liondoke kabla ya masika.

Sikumwomba. Nilimweleza tu, nikiwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda chumbani, akarudi na fedha zimefungwa kwenye kanga. Halafu akachukua ndoo ya uani, akaipeleka chumbani kwake na kuiweka chini ya tundu, mvua yenyewe bado haijaja. Akasema: "Hizi si za kula chipsi."

Kumbe chipsi alikuwa anazijua!

Tanuri halina haraka

Nikachora vigae 25 vya kwanza kwa siku nne. Tukapanga kwenye tanuri, tukawasha, tukaacha upenyo kidogo mwanzoni ili moshi wa mafuta utoke. Joto likapanda taratibu, mia tatu, mia nne, mia tano na kitu. Pah! Umeme ukakatika. Tulipofungua kesho yake, samaki wote walikuwa wamefifia, wakavu kama chaki. Nikakaa chini. Mzee akasema, "Inuka, hawajafa. Hawajaiva." Na kweli, tulipovirudisha na moto ukafika panapotakiwa, vilitoka vinang'aa kama vimetoka majini.

Mkupuo wa pili kosa lilikuwa langu tena. Moto umezimwa jioni, mzee kaniambia usifungue mpaka kesho mchana. Mimi alfajiri nimeshaamka, roho inanidunda, nataka kuona. Nikanyanyua mfuniko. Hewa baridi ikaingia, na nikasikia: pa! Kimya kidogo. Pa! Pa! Vigae tisa vilipasuka mbele ya macho yangu kama bisi. Mzee hakunisema. Alihesabu vipande akaandika kwenye daftari langu: "9 – haraka."

Nikarudi Kariakoo kununua vingine tisa vitupu. Dukani nikaonyeshwa vyeupe, nikavichukua. Nyumbani nikaviweka karibu na vya mwanzo, lahaula! Nyeupe ya leo na nyeupe ya juzi si ndugu. Kila boksi lina namba ya mkupuo wa kiwandani, na namba zikitofautiana, rangi nayo inatofautiana, japo jina ni lilelile. Nikarudi tena kubembeleza mpaka wakanitafutia boksi la namba ileile. Tangu siku hiyo nikinunua vigae mia, nasoma namba mia moja.

Mwisho wa Februari fundi akang'oa vya zamani, akabandika vipya, akajaza grauti. Mama wa Mbezi akasubiri vikauke. Siku ya siku akachukua waya wa sufuria mwenyewe, akaweka sabuni, akasugua pale penye pweza. Akasugua kwa hasira zote za Januari. Dada wa kazi ameziba mdomo. Mzee wa chai kasimama mlangoni.

Pweza hakutikisika. Miguu yote minane.

"Haya," mama akasema. Basi, neno moja. Hakunipa hata nauli, na alikuwa na haki. Lakini wiki iliyofuata simu ililia, ni jirani yake.

Mkono wako unalipwa na nani?

Usidhani hadithi imeishia hapo tukaishi raha mustarehe. Yule jirani nilimpa bei ileile, 6,000. Mzee mfinyanzi akaomba kuona daftari. Tukaandika: kigae 1,500, rangi 1,200, umeme wa tanuri 1,800, kufungasha na usafiri 700, fungu la vinavyopasuka 500. Jumla 5,700. Nabakiwa na shilingi 300 kwa kazi ya dakika 40 ya kuinamia meza mpaka shingo inakakamaa. Vigae 75, nimepata 22,500!

"Mkono wako unalipwa na nani?" akauliza. Sikuwa na jibu.

Kumbe ile faida nono ya mwanzo ilitokana na kutolipia kitu chenyewe kinachokifanya kigae kiwe kigae, yaani moto. Na hata nilipouongeza moto, nikajisahau mimi mwenyewe. Vijana wengi tunauza namna hii. Tunahesabu mali, hatuhesabu mgongo. Halafu mwaka ukiisha tunashangaa, kazi zilikuwa nyingi, fedha ziko wapi?

Tukaongeza: kazi ya mkono 4,000, banda na kujiwekea akiba ya tanuri langu 1,800, faida 2,500. Kigae kimoja 14,000. Nilipoitaja bei hiyo mara ya kwanza sauti ilinitetemeka. Wateja watatu wakakimbia. Sikuwalaumu, dukani kuna vigae vilivyopigwa chapa kwa mashine kwa bei ya chini kabisa, na ni vizuri. Lakini wa nne alitaka ukuta wenye mtumbwi wa marehemu babu yake wa Pangani, na jina la mtumbwi ubavuni. Mashine haimjui babu yake. Alilipa.

Tangu hapo nimejipanga. Jina la biashara limeandikishwa BRELA, kodi nalipa, na mwaka 2024 nikanunua tanuri dogo lililotumika. Wapo mabinti wawili wanajifunza kwangu. Kila mteja nampa kigae kimoja cha majaribio, namwambia nenda nacho nyumbani, kisugue, kichemshe, kifanyie ubaya wote unaoujua, halafu ndiyo uje tuongee.

Na laki tano za mama? Nilizirudisha. Zote, tena mkononi mwake. Lakini ilikuwa Juni 2023, na masika yalikuwa yameshakwisha. Mama yangu alilala miezi mitatu na ndoo pembeni mwa kitanda, usiku anaamka kuimwaga, asubuhi ananiuliza, "Samaki wanaendeleaje?" Bati lilipigwa Julai, jua linawaka. Katika daftari langu la gharama hakuna mstari wa ndoo ile. Nimejaribu kuuandika, sijui niweke shilingi ngapi.

Wewe unayesoma hapo kijiweni au ndani ya daladala, labda una keki zako, una sabuni zako, una viatu unavyoshona. Kabla hujamuuzia mtu, chukua waya, kisugue mwenyewe.

Ukienda kwa mama leo jikoni, ukutani hakuna kigae hata kimoja. Nimembembeleza nimchoree, bure kabisa, achague samaki amtakaye. Hataki. Aliniomba kimoja tu, kile cha zamani cha pweza mwenye miguu mitatu, nilichokuwa nimekificha chini ya kitanda kwa aibu. Ndicho anachowekea sufuria ya moto. Anasema anataka ammalizie hiyo iliyobaki.